Ferritini 312

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. La zamani limejaa, kurasa mia mbili za wajinga. Hili nalo litajaa. Wajinga hawaishi.

Wa kwanza leo ni daktari wetu bingwa wa saratani za watoto. Mimi namwita Tausi. Kaingia maabara saa tatu asubuhi, manukato yametangulia, koti limepigwa pasi mpaka linakata. Kasimama katikati ya chumba kama anayesubiri kupigwa picha. Humu ndani tuko wawili tu, mimi na mwenzangu wa zamu, lakini yeye kahutubia kana kwamba tumejaa uwanja mzima. Eti ferritini ndiyo itakayoipa hospitali hii jina. Hospitali! Jina lake yeye, aseme kweli.

Ferritini. Miaka ishirini na sita naipima. Ni protini inayohifadhi chuma mwilini, ghala tu. Chuma kikija inakipokea, kikihitajika inakitoa. Mtu akipungukiwa chuma, ghala huwa tupu. Lakini kwa watoto wenye ule uvimbe unaoanzia juu ya figo, ghala hujaa pomoni huku mtoto mwenyewe amepauka kama majivu. Uvimbe wenyewe ndio unaoimwaga kwenye damu. Namba ikipanda, habari mbaya. Ikishuka, huenda ni nzuri. Huenda! Maana homa nayo huipandisha, damu ya kuongezewa nayo huipandisha. Tausi hana msamiati wa "huenda". Ana watoto kumi na mmoja, ana michoro ya rangi, na tarehe 24 ana mkutano na wageni.

Mwenzangu kaitikia "ndiyo, daktari" mara tisa. Nimehesabu.

Jumanne, 4 Machi

Huyo mwenzangu namwita Kikombe. Kikombe cha chai hakimtoki mkononi, humu ambamo hata kutafuna pipi ni marufuku. Tuko zamu moja tangu enzi za kupima kwa mkono, na tangu enzi hizo hajajifunza kitu.

Leo nimemfuma. Kapitisha damu ya mtoto wa wodi ya saratani kwenye mashine mara moja tu, kisha kalamu mkononi, anataka kusaini! Nikamshika bega nikamgeuzia ukutani, lilipo tangazo nililoliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: FERRITINI YA MTOTO WA SARATANI — PIMA MARA MBILI. YA PILI IZIMULIWE MARA MIA.

"Nimesahau," kasema. Amesahau! Nikamfafanulia tena, kama mtoto wa chekechea. Chukulia ferritini ni vikapu, na mashine inavihesabu. Kila kikapu kina mikono miwili, watu ndiyo dawa ya kupimia, na mashine inahesabu kile tu kilichoshikwa na watu wawili. Vikapu vikiwa vya kiasi, hesabu inakwenda sawa. Vikizidi kupita kiasi, kila mtu anajibebea chake, hakuna wa kumsaidia mwenzake. Mashine inatazama, haioni kikapu cha watu wawili, inasema: vikapu vichache. Namba ndogo! Kumbe vimefurika. Ndiyo maana damu inazimuliwa kwanza, inaongezwa maji maalumu. Unapunguza vikapu, ndipo unahesabu.

"Yaani mashine inalewa," kasema Kikombe.

"Kama akili yako inapokea hivyo, haya, inalewa."

"Na mlevi dawa yake kuzimuliwa!" Kacheka peke yake mpaka chai ikamwagikia rejista.

Na huyu naye ana cheti.

Ijumaa, 7 Machi

Watu wa foleni ya kutoa damu. Kuna anayefunga macho kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi yake. Kuna aliyekuja na shangazi wanne. Kuna anayenieleza ugonjwa wake kwa Kilatini alichokisoma kwenye simu.

Na fundi cherehani yule. Kila akija, futi ya kitambaa inaning'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye kola, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Anamleta binti yake wa miaka mitano, uvimbe juu ya figo ya kushoto, umeshaingia kwenye uboho wa mifupa. Januari ferritini yake ilikuwa 1,900. Februari 3,400. Mama hana habari maana yake nini. Anauliza tu, "Dada, leo namba imekaaje?" kama anayeuliza bei ya zipu.

Mtoto nimempa jina: Kwanini. Hana nywele, hana nyusi, ana maswali. Leo kaniuliza kama ni kweli ana chuma tumboni. Nikasema kila mtu ana chuma, kiko kwenye damu. Akafikiri.

"Sasa kwa nini sumaku hainivuti?"

Nikamjibu kwamba ni kidogo, kimetawanyika, na kimefungiwa ndani ya protini. Akasema, "Kimefungiwa na nani?" Swali la maana kuliko yote aliyowahi kuuliza Tausi.

Mama yake akamkemea asisumbue wakubwa. Nikamwambia mama aache kumkemea, asumbuke mwenyewe kushika huo mkono usicheze. Akashika. Akacheka. Mtu wa ajabu, unamfokea anacheka.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kipuuzi tangu asubuhi. Umeme umekatika mara mbili. Dawa ya kupimia ferritini imebaki ya vipimo sita, agizo liko ofisi ya ugavi tangu mwezi jana, mtu wa ugavi anasema "linashughulikiwa". Linashughulikiwa na nani? Na mende?

Juu ya hayo Tausi kaleta fomu ya mtoto wa fundi. Kaandika HARAKA mara tatu, kapigia mstari mara tatu. Kapiga simu saa nne. Saa nne u nusu. Saa tano kaja mwenyewe, kasimama mlangoni akitazama saa yake, ile ya kuonyeshea watu. Mkutano wake unakaribia, anataka nukta ya mwisho kwenye mchoro.

Nikapitisha. 312.

Nikaitazama ile namba. Kutoka 3,400 mpaka 312, mizunguko miwili tu ya dawa. Kikombe kachungulia nyuma yangu, anapuliza chai. "Haijalewa hiyo? Izimue."

Nikamwambia nina dawa ya vipimo vitano, namba yenyewe imeshuka, nizimue nini, maji? Na nikamwambia siku atakayonifundisha yeye kazi, siku hiyo nitavua koti nikauze vitunguu. Akainua kikombe kama anayenitakia afya, akaenda zake.

Nikasaini. Nikamtupia Tausi karatasi yake. Haya, nenda kachore.

Jumatano, 12 Machi

Tausi anaelea. Kampa mkono hata mfagizi. Ile karatasi kaitembeza wodi nzima, 312 kaizungushia duara la kijani. Mashine ya picha za ndani imeharibika, fundi wake anakuja baada ya wiki tatu, kwa hiyo hakuna wa kumpinga. Kalibonyeza tumbo la mtoto, kasema limelainika. Kaamua: mtoto apumzike dawa wiki nne, arudi nyumbani, anawiri. Mzunguko wa nne utasubiri.

Kwa namba moja na vidole viwili! Hiyo ndiyo sayansi yetu.

Fundi cherehani kaja mpaka dirishani kwetu akilia na kucheka pamoja. Kanishika mkono kupitia kijidirisha cha kupokelea sampuli. "Dada, Mungu akubariki, umetupa namba nzuri." Nimemwambia namba sitoi mimi, inatoa mashine. Hakusikia. Watu wa namna hii hawasikii. Wanataka mtu wa kumshukuru, yeyote aliye karibu.

Nyumbani nimemsimulia mdogo wangu. Yeye ni mwalimu wa chekechea, anatabasamu hata akipiga mswaki. Kapiga makofi kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Nimemuuliza anapigia makofi nini. Kasema, "Dada, hivi wewe huwa unafurahi lini?" Nimemwambia wajinga wakipungua.

Jumamosi, 15 Machi

Mtoto kaondoka leo. Kabla ya kuondoka, mama yake kaleta kifurushi. Koti jeupe la maabara, jipya! Kasema aliona langu limechanika mfukoni, na vipimo vyangu kavikadiria kwa macho tu kila nilipoinama kumtoa mtoto damu. Nimelivaa. Limenikaa kama nilisimama mbele ya futi yake nusu siku. Mabega sawa, mikono sawa, vifungo vyote vimekaza.

Mifuko mikubwa mno, ningeweza kubebea kuku. Nimemwambia hivyo. Kacheka tena!

Kwanini alikuwa na kofia nyekundu. Kaniuliza kwa nini damu ya kila mtu ni nyekundu na si rangi anayoipenda mwenyewe. Nikasema chuma. "Kila kitu chuma!" kasema, kakasirika, kapanda mgongoni kwa mama yake.

Kikombe kasema koti limenipendeza. Nani kamuuliza?

Alhamisi, 20 Machi

Niandike pole pole.

Saa mbili asubuhi fundi na binti yake walikuwa kwenye foleni. Kipimo cha damu cha kawaida, kile cha kila wiki. Mama kasema mtoto analia miguu inamuuma, tangu Jumatatu, na ana michubuko ambayo hajui aliipatia wapi. Nimemfunga mpira mkononi. Nimemchoma. Damu imechelewa kusimama, pamba tatu. Nimebandika plasta.

Ndipo nikagundua. Hajauliza kitu. Kakaa, kanyosha mkono mwenyewe, katazama ukuta.

Nimeipitisha damu yake. Chembe za kugandisha damu elfu kumi na nne. Mtoto mzima ana laki moja na nusu kwenda juu. Nyeupe chache, nyekundu chache. Uboho umebanwa. Huu si mwili unaopona. Nikasema kwa sauti, "Haviendani. 312 na hivi haviendani."

Kikombe hakugeuka. Alikuwa anaosha glasi. Kauliza tu, taratibu, "Ile ulizimua?"

Tangazo liko ukutani. Mwandiko wangu. Wino mwekundu.

Masalia ya damu ya tarehe 11 yalikuwa kwenye friza, tundu la saba. Nimeyayeyusha. Kikombe akaweka kikombe chini — mara ya kwanza namwona akikiweka chini — akanishikia mrija. Tukazimua mara mia. Mashine ikahesabu. Dakika kumi na nane. Nimeitazama ile skrini kama mtu anayesubiri hukumu.

468.

Mara mia. Elfu arobaini na sita, mia nane.

Ilikuwa hivyo tangu siku ile. Vikapu vilikuwa vimefurika na mimi nikasema vichache. Siku tisa mtoto yuko bila dawa, kwa saini yangu. Si ya Kikombe. Si ya Tausi. Nimeigeuza ile rejista huku na huku kama inayoweza kubadilika. Herufi zangu mbili, na kile kimkia ninachokipiga mwishoni kwa maringo.

Ijumaa, 21 Machi

Kikombe alinisubiri getini asubuhi. Kasema tuseme mashine ilikuwa na hitilafu, umeme ulikatika siku ile, kila mtu anajua, yeye yuko tayari kuapa. Nimemtukana. Nimemwambia hata uongo wake umejaa chai. Kisha nimekaa kwenye stoo ya vifaa saa nzima nikiuwaza uongo huo huo, nikiutafutia maneno mazuri zaidi.

Saa tano nimekwenda kwa Tausi. Nimeweka karatasi mbili mezani kwake, 312 na 46,800, tarehe moja, damu moja. Nimemweleza. Kaelewa upesi, hilo nimpe. Rangi ilimtoka usoni. Dakika moja hivi alikuwa daktari kweli.

Kisha akarudi kuwa Tausi.

"Nani alisaini?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Na wewe ukamrudisha nyumbani kwa namba moja."

Kaegemea kiti. Kasema mtoto aitwe leo hii hii, alazwe, aongezewe damu, dawa zianze mara moja. Sawa. Nikashusha pumzi. Kisha: "Mama yake ataambiwa ugonjwa umerudi kwa kasi."

"Haujarudi, daktari. Haukuwahi kuondoka."

"Mama, wewe ni mtu wa maabara. Maneno ya wodini niachie mimi. Ukimwambia mzazi tumekosea, kesho hakuna mzazi atakayetuamini, na watakaoumia ni watoto." Kalisema vizuri kabisa, kwa ile sauti ya hotubani. Kisha kaniuliza nimebakiza miaka mingapi nistaafu.

"Mitatu."

"Mitatu," karudia, polepole, kama anayeonja kitu.

Miguu ndiyo iliyonitoa pale.

Jumamosi, 22 Machi

Amelazwa. Kitanda cha dirishani. Chupa mbili za damu zimeingia, dawa zimeanza. Nimepita mara nne na trei ya sampuli ambayo haikuwa na sampuli.

Koti jipya nimelitundika nyuma ya mlango. Nimevaa lile lililochanika.

Jumatatu, 24 Machi

Mkutano. Ukumbi umefagiliwa, vitambaa vya mezani, maji ya chupa. Wageni sita na suti zao, wakuu wa idara wote mbele, wanacheka kabla utani haujaisha. Sisi wa maabara viti vya nyuma, karibu na feni mbovu. Nilikwenda nikiwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga: akionyesha mchoro wa mtoto yule, namba ya tatu ikitokea, nitasimama. Nitasema si sahihi, na kosa ni langu. Sentensi mbili tu.

Tausi alipanda. Tai mpya. Kaeleza ghala la chuma, uvimbe, namba zinazopanda, namba zinazoshuka. Michoro ikapita ukutani mmoja mmoja, mstari wa kijani, mstari mwekundu. Nikawa nahesabu, nimekaza magoti. Wa nane. Wa tisa. Wa kumi.

Kisha: "Asanteni kwa kunisikiliza."

Kumi! Wiki tatu nzima walikuwa kumi na mmoja. Hakumsema vibaya, hakumsema vizuri. Kamfuta tu, kama unavyofuta mavumbi kwenye kioo cha miwani. Mgeni mmoja kauliza kama matokeo yote yamejumuishwa. "Yote yaliyokidhi vigezo," kajibu bila kupepesa macho.

Mtu gani huyu? Mtu gani anamlaza mtoto Ijumaa na Jumatatu anasema hayupo?

Wakapiga makofi. Kikombe hakupiga, alikuwa amekumbatia kikombe chake kwa mikono miwili, anatazama chini.

Mimi nilipiga. Wote walikuwa wanapiga, mkuu wa hospitali aligeuka kutazama nyuma, mikono yangu ikapiga yenyewe. Ndiyo. Niandike hapa maana hakuna mwingine wa kuliandika. Nilimpigia makofi.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimepeleka majibu wodini mwenyewe. Hali ya mtoto ni ile ile, si nzuri, si ya mwisho. Amelala. Mama yake alikuwa kwenye korido na muuguzi wa zamu, ameegemea ukuta, futi yake ameikunjakunja mkononi mpaka imekuwa kama kamba.

Hakuniona. Alikuwa anasema yeye ndiye aliyemponza mwanawe. Alimwachia aruke kamba na watoto wa jirani, siku tatu mfululizo, kwa kuwa namba ilikuwa nzuri na mtoto alikuwa anaomba. Eti ndiyo iliyouamsha ugonjwa. Kasema daktari kamwambia umerudi kwa kasi, na kitu hakirudi bila kuitwa. Kasema mume wake haongei naye tangu Ijumaa. Mama mkwe kasema wazi: "Ulipewa mtoto amepona, ukamchezea."

Muuguzi akamwambia Mungu ndiye ajuaye. Jibu la watu wasiotaka kujua! Nilitaka kumzaba kibao. Nikashika trei yangu nikapita zangu.

Nikapita zangu.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa anakata nyota za karatasi kwa ajili ya darasa lake. Nimemwambia yote. Sijui kwa nini. Miaka ishirini na sita sijawahi kumwambia jambo la kazini ila la kumsema mtu. Hakutabasamu. Aliendelea kukata.

"Dada, kama angesaini Kikombe, ungefanya nini?"

Sikungoja hata kufikiri. "Ningemtangaza mpaka getini. Ningembandika ukutani."

"Enhe," kasema. Akachukua karatasi nyingine.

Nimeondoka pale. Nimekwenda kuandika barua. Ukurasa mmoja. Mara nne nimeanza na "Kutokana na hitilafu". Mara ya tano nimeanza na "Mimi".

Jumatano, 26 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Tausi. Saa nne na robo. Barua iko kati ya kurasa hizi. Nakala ya mkuu wa hospitali nimeshaiacha kwa katibu wake, na katibu, mvivu yule, kaiweka chini ya kikokotoo bila kuisoma. Nakala hii ni ya Tausi. Nimemkuta ana mtu.

Ni mama wa mtoto. Kaomba mwenyewe kumwona. Mtoto kamwacha nje kwenye kiti cha magurudumu, na muuguzi aliyemsukuma kakimbilia simu yake. Mama alipoingia kaniambia, "Nishikie kidogo, dada." Kwa hiyo niko hapa, mguu wangu umezuia gurudumu, chupa ya maji inaning'inia juu yetu wote wawili.

Uso wa mtoto umerudiwa na rangi kidogo. Ni damu za kuongezewa. Nisijidanganye.

"Unaandika nini?"

Swali! La kwanza tangu siku ya kofia nyekundu. Nimelazimika kutazama pembeni kwanza.

"Makosa," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

Nimemwambia watu wengi, daftari zima. Kanyosha shingo achungulie. Hajui kusoma bado. Kaweka kidole juu ya neno moja akaniuliza hili ni nani. Lilikuwa "Kikombe". Nikamwambia huyo aliniambia kweli na mimi nikamcheka. Kauliza kwa nini nilimcheka. Nikasema sijui. Ananitazama. Haridhiki na "sijui", sijawahi kumwona akiridhika nayo.

Mlango huu ni wa mbao nyembamba. Sauti ya mama inapita: "Mimi nataka kujua nilichokosea, daktari, nisirudie. Kama ni kamba, niambie ni kamba." Sauti ya Tausi inapita nayo, laini, ndefu, haina mwisho wala mfupa. Hali ngumu. Miili inatofautiana. Tusilaumiane. Tusilaumiane! Kamwachia mzigo wote begani kisha anamwambia asijilaumu.

Kiti kinaburutwa mle ndani.

Mlango umefunguka. Nilidhani anamfuata mwanawe. Hapana. Ananitazama mimi.

"Dada, hebu ingia. Daktari ananibembeleza tu. Wewe hujui kumbembeleza mtu, utaniambia kweli. Ni kamba?"

Tausi amesimama nyuma yake. Ananikodolea macho, anatikisa kichwa kidogo, kidogo tu, kama anayefukuza nzi.

Nimemwambia mama, ngoja nimalize mstari huu.

Mstari umekwisha, barua nimeichomoa. Mama bado ameushika mlango.